Wanawake, riziki na uamuzi katika filamu bubu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Filamu bubu ni zipi, na kwa nini maigizo yake yamejaa visa vya wanawake?

Filamu bubu ni zile zilizotengenezwa kabla teknolojia ya kuunganisha sauti na picha haijaenea, yaani tangu miaka ya 1890 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 katika Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, na hadi katikati ya miaka ya 1930 katika China na Japani. Hazikutazamwa kimyakimya. Mpiga piano au bendi ilitumbuiza ukumbini, na huko Japani msimulizi aitwaye benshi alikaa kando ya pazia akiwasemea wahusika wote. Maneno machache yaliyokuwa ya lazima yaliandikwa kwenye vibao vilivyopachikwa katikati ya picha.

Visa vya wanawake vilijaa kwa sababu za kibiashara na za kijamii. Wenye majumba ya sinema waliwatafuta wanawake na familia kwa makusudi, kwa kuwa jumba lililoingiwa na akina mama lilihesabiwa kuwa mahali pa heshima. Kazi ya kuandika hadithi za filamu ilishikwa na wanawake wengi, wakiwemo Frances Marion, June Mathis, Anita Loos na Jeanie Macpherson. Tena hiyo ndiyo miaka ambayo wasichana wa mijini waliingia kwa wingi katika kazi za madukani, maofisini na viwandani, na haki ya kupiga kura ilikuwa ikidaiwa kila mahali. Wanawake wa Denmark waliipata mwaka 1915, na wa Marekani wakahakikishiwa katika katiba mwaka 1920.

Majibu yanayofuata yanaegemea filamu ambazo, kwa maoni yangu, zinaonyesha waziwazi jambo moja: kwamba uamuzi wa mwanamke ndani ya maigizo haya ni suala la mshahara, kodi ya nyumba na sheria kabla haujawa suala la moyo.

Nianze na filamu ipi?

Anza na Shoes, yaani Viatu, iliyoongozwa na Lois Weber na kutolewa mwaka 1916. Eva Meyer, anayeigizwa na Mary MacLaren, ni msichana anayeuza katika duka la vitu vya bei rahisi. Mshahara wake ndio unaowalisha mama, wadogo zake na baba ambaye hana kazi na hachangamki kuitafuta, kwani siku nzima yuko kitandani na kitabu mkononi. Kila wiki Eva anamkabidhi mama fedha akitumaini kwamba safari hii zitabaki za kununulia viatu, na kila wiki zinaishia kwenye kodi na chakula. Viatu vyake vimetoboka nyayo. Anakata karatasi ngumu na kuzipachika ndani, mvua inanyesha, karatasi zinalowa na kuchakaa, naye kesho yake anasimama tena nyuma ya kaunta kutwa nzima.

Yupo mwanamume mmoja, mwimbaji wa ukumbi wa starehe, ambaye amekuwa akimnyemelea. Mwishowe Eva anamwendea. Kabla ya kutoka anajitazama kwenye kioo kilichopasuka, na kwa muda huo Weber hamharakishi hata kidogo. Anaporudi ana viatu vipya, na mama akiviona anaelewa kila kitu bila kuambiwa. Kisha baba anakuja na habari kwamba amepata kazi.

Naipendekeza filamu hii kwa sababu haimwonyeshi Eva kuwa mpumbavu, mwenye tamaa au aliyedanganywa. Anajua anachokwenda kufanya na anajua bei yake. Mwongozaji ametuonyesha hesabu nzima ya wiki kadhaa, sarafu kwa sarafu, hata mtazamaji anapofika kwenye uamuzi ule hawezi kudai kwamba angefanya vingine kwa urahisi. Hadithi ilitokana na kisa kifupi kilichomo katika kitabu cha Jane Addams, mwanaharakati wa huduma za jamii wa Chicago, kilichotolewa mwaka 1912 kuhusu ukahaba na vyanzo vyake. Filamu yenyewe inafungua kwa kumnukuu. Katika picha moja mkono mkubwa wenye maandishi ya Umaskini unamnyooshea makucha Eva akiwa kitandani. Wengine huiona picha hiyo kuwa nzito mno, na kweli haihitajiki pale ambapo tundu la kiatu limeshasema yote.

Lois Weber alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1879 Pennsylvania, akawa miongoni mwa waongozaji walioheshimiwa zaidi Marekani katika miaka ya 1910, na mwaka 1917 akaanzisha studio yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1939, wakati jina lake lilikuwa limekwisha kusahaulika katika tasnia aliyosaidia kuijenga. Aliamini kwamba filamu inaweza kufanya kazi ya mahubiri na ya gazeti kwa wakati mmoja.

Imani hiyo ilimfikisha pazuri na pabaya. Katika Where Are My Children? ya mwaka 1916, mwendesha mashtaka anayetamani watoto anagundua kwamba mke wake na rafiki zake matajiri wamekuwa wakienda kwa siri kwa daktari anayetoa mimba. Binti wa mtumishi wao, aliyepewa mimba na kaka wa mke huyo, anapelekwa kwa daktari huyohuyo na kufariki. Filamu inatetea haki ya maskini kujua njia za kuzuia mimba, ambazo kusambaza maelezo yake kulikuwa kosa la jinai wakati huo, lakini inawalaani wanawake matajiri wanaokataa kuzaa, na hoja zake zimechanganyika na nadharia ya kuboresha kizazi, ambayo iliwagawa binadamu kati ya wanaostahili kuzaliwa na wasiostahili. Mtazamaji wa leo anapaswa kuiona sumu hiyo na kuitaja kwa jina lake, hata akikiri kwamba hakuna studio kubwa nyingine iliyothubutu kulifikisha suala hilo mbele ya umma kwa uwazi kama huo. Bodi ya ukaguzi ya Pennsylvania iliipiga marufuku.

Miaka mitano baadaye, katika The Blot, Weber aliacha kuhubiri na kutazama tu. Mke wa profesa anayelipwa kidogo anamwuguza binti yake, hana cha kumpikia, na dirisha la jirani tajiri liko wazi likiwa na kuku aliyekwisha kupikwa. Anamchukua, kisha anamrudisha. Binti ameona anachukua, hakuona anarudisha, na aibu inayotokea kati yao wawili ni kati ya mambo ya kweli zaidi yaliyowahi kupigwa picha katika enzi hiyo.

Je, mwanamke aliyezaa nje ya ndoa au kumwacha mume aliadhibiwa sikuzote?

Mara nyingi, ndiyo, ingawa adhabu hizo si za aina moja, na inafaa kutofautisha.

Mfano maarufu ni Way Down East ya D. W. Griffith (1920), ambamo Lillian Gish anamwigiza Anna Moore, msichana maskini wa kijijini anayedanganywa na tajiri kwa ndoa ya uongo. Anapopata mimba anaelezwa kwamba ndoa haikuwapo. Mtoto anazaliwa dhaifu, na Anna, akiogopa kwamba atakufa bila kubatizwa, anambatiza kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto anakufa. Mwenye nyumba anamfukuza kwa kuwa hana mume. Anapata kazi katika shamba la mzee mcha Mungu, na siri inapofichuka mzee huyo anamwonyesha mlango usiku wa theluji.

Watu wengi hukumbuka kinachofuata, yaani Anna kuzimia juu ya pande la barafu linaloelea mtoni kuelekea maporomoko, mkono wake ukiburuzika majini. Sehemu ya tukio hilo ilipigwa Vermont katika baridi kali, na Gish mwenyewe ndiye aliyelala pale. Mimi humwomba mtazamaji asimame dakika chache kabla ya hapo. Anna, akiwa tayari amefukuzwa, anageuka na kumnyooshea kidole mwanamume aliyemdanganya, ambaye amekaa mezani kama mgeni wa heshima, na anauliza kwa nini yeye hafukuzwi. Filamu hiyo ya kihafidhina, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Lottie Blair Parker, inakubali kwa dakika moja kwamba sheria ya nyumba ile ina vipimo viwili. Baada ya hapo inampa Anna mume na kufunga mjadala.

Ulaya ilikuwa na visa vikali zaidi na, kwa namna fulani, vyenye heshima zaidi kwa mwanamke. Katika filamu ya Kidenmark Afgrunden (1910), Asta Nielsen ni mwalimu wa piano anayemwacha mchumba wake, mtoto wa mchungaji, na kumfuata mcheza sarakasi. Anadhalilishwa, anapenda bado, na mwishowe anamwua mwanamume huyo. Polisi wanamchukua. Uso wa Nielsen wakati anaondoka hauombi huruma wala haujutii, na uso huo ndio uliomfanya kuwa mmoja wa nyota wa kwanza wa filamu kujulikana kimataifa.

Huko Urusi, mwaka 1913, Yevgeni Bauer aliongoza filamu kuhusu Vera, binti tajiri aliyebakwa na mtu aliyekwenda kumsaidia, akamwua mbakaji huyo, kisha akamwambia ukweli mwanamume aliyeolewa naye. Mume anarudi nyuma kwa kinyaa. Vera hasubiri kusamehewa. Anaondoka na kuwa mwigizaji wa jukwaani. Mume anapomtafuta miaka miwili baadaye akitaka warudiane, anamjibu kwamba amechelewa. Mume ndiye anayejiua. Mtu akisema kwamba filamu bubu zilijua kuwaangamiza wanawake tu, mweleze habari za Vera.

Kwa nini miisho ya filamu nyingi inaonekana kupingana na yaliyotangulia?

Kwa sababu mwisho wa filamu ulikuwa mali ya watu wengi kuliko mwongozaji peke yake. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba filamu ni biashara tu na hailindwi na uhuru wa kusema, uamuzi uliodumu hadi mwaka 1952. Majimbo na miji ilikuwa na wakaguzi wenye mkasi, na njia rahisi ya kuwapitisha ilikuwa kuonyesha kosa kwa dakika sitini na kulitia adabu kwa dakika tano za mwisho. Kwa hiyo dakika hizo tano si ushahidi mzuri wa kile filamu inachokiamini.

The Wind (1928) ni mfano wa upande wa pili. Riwaya ya Dorothy Scarborough inamalizika kwa Letty, mwanamke aliyeletwa na umaskini katika nyika ya Texas na kuolewa kwa kukosa pa kwenda, kutoka nje na kujitoa kwa upepo. Katika filamu, iliyoandikwa na Frances Marion na kuongozwa na Victor Sjöström, Letty, baada ya kumpiga risasi mwanamume aliyemvamia, anabaki na mume wake na kusimama mlangoni bila woga tena. Lillian Gish alieleza baadaye kwamba mwisho huo wa furaha ulilazimishwa. Mimi naona kwamba hata hivyo haufuti saa nzima ya mchanga unaopenya kila ufa wa nyumba, na mwanamke anayeulizwa mara kwa mara achague kati ya wanaume watatu, hali alichokosa ni nauli ya kurudi kwao.

Je, kuna filamu bubu iliyobadilisha sheria?

Inayotajwa zaidi ni Ingeborg Holm ya Uswidi, iliyoongozwa na Victor Sjöström na kuonyeshwa kwanza mwaka 1913. Ingeborg na mume wake wanajiandaa kufungua duka. Mume anafariki kwa kifua kikuu, duka linafilisika, na Ingeborg, akiwa mgonjwa na mwenye watoto watatu, anaomba msaada wa serikali ya mtaa. Anapelekwa katika nyumba ya maskini, na watoto wanagawiwa kwa walezi wanaolipwa. Wakati huo desturi iliruhusu mtoto kukabidhiwa kwa yule aliyekubali malipo madogo kuliko wengine, na matokeo yake kwa mtoto yanaeleweka bila maelezo.

Binti yake anapougua, ofisi inakataa kugharimia safari ya mama kwenda kumwona. Anatoroka, anatembea, anafika, na polisi wanamrudisha. Baadaye mtoto wake mdogo kabisa analetwa kumtembelea na hamtambui. Mama anajaribu kutengeneza mwanasesere kwa kitambaa chake, mtoto analia na kumkwepa, na hapo akili ya Ingeborg inamtoka. Miaka 15 baadaye mwanawe mkubwa, aliyekuwa baharia, anamkuta akibembeleza kipande cha ubao.

Hilda Borgström anaigiza haya yote bila kurusha mikono, mara nyingi akiwa ameipa kamera mgongo. Kamera haisogei, na watu wa ofisini si makatili. Wanafuata taratibu, wanaweka mihuri. Ndiyo maana filamu iliuma. Ilizua mjadala mkali magazetini kuhusu huduma kwa maskini, na mwaka 1918 Uswidi ilipitisha sheria mpya ya huduma hizo. Madai ya mageuzi yalikuwapo kabla ya filamu, kwa hiyo si haki kuipa sifa yote, lakini ilimfanya kila aliyeingia ukumbini ajue sura ya mtu anayezungumziwa.

Filamu hizi zilisema nini kuhusu ndoa ambayo haina kipigo wala uzinzi, lakini haina pumzi?

Hapa ndipo filamu bubu ilipofikia upeo wake, kwa kuwa maisha ya namna hiyo hayana mazungumzo ya kusikilizwa.

Germaine Dulac, mwongozaji wa Kifaransa na mtetezi wa haki za wanawake, alitoa La Souriante Madame Beudet mwaka 1923. Haifiki saa moja. Madame Beudet anaishi katika mji mdogo na mume anayefanya biashara ya vitambaa. Anapenda piano na vitabu. Mume anapiga meza, anacheka kwa sauti, na anapotoka anafunga piano na kuondoka na ufunguo. Kipo chombo cha maua juu ya meza: mke anakiweka pembeni, mume akipita anakirudisha katikati. Hilo tu, na mara kadhaa. Nimeona watazamaji wakicheka mara ya kwanza na kunyamaza mara ya tatu.

Mume ana mzaha mmoja wa kuelekeza bastola isiyo na risasi kichwani mwake kila anapokasirika. Siku moja mke anatia risasi. Usiku mzima anateseka kwa alichofanya, na asubuhi anataka kuzitoa lakini hapati nafasi. Safari hii mume, akiendeleza mzaha, anaielekeza kwa mke, na risasi inatoka na kumkosa. Mume anamkumbatia akilia, kwa kuwa anadhani mke alikusudia kujiua. Hawezi hata kufikiri kwamba yeye ndiye angeweza kuchukiwa. Baadaye tunawaona wakitembea mtaani pamoja kama kawaida. Dulac anatumia picha zilizopindika, ukungu na ndoto za mchana ili tuone kutoka ndani ya kichwa cha mke, na sijui filamu ya kabla yake iliyomweka mtazamaji ndani ya fikra za mwanamke aliyeolewa kwa uthabiti huo.

Carl Theodor Dreyer wa Denmark alichukua njia nyepesi katika filamu yake ya mwaka 1925 kuhusu mume dhalimu aitwaye Viktor. Nusu ya kwanza ni kazi za nyumbani tu: Ida anawasha moto, anapika, anafua, anafuma usiku aongeze kipato, na anakwangua siagi kwenye mkate wake ili wa mume upate ya kutosha. Mume haoni. Yaya mzee, aliyemlea Viktor tangu utotoni, anamwondoa Ida kwa muda na kumfanya mume afanye kazi hizo mwenyewe, hata kumsimamisha kwenye kona kama mtoto mtukutu. Watu hucheka, lakini kumbuka kwamba kabla ya hapo Ida ameshaugua kwa uchovu.

Je, nchi za kisoshalisti zilionyesha hali tofauti?

Kwa kiasi. Filamu ya Abram Room ya mwaka 1927, inayojulikana kwa jina la mtaa wa Moscow uitwao Meshchanskaya wa Tatu, inahusu uhaba wa nyumba. Mume anamkaribisha rafiki yake alale kwenye kochi la chumba chao kimoja. Mume anaposafiri, mke, Lyudmila, anaanza uhusiano na mgeni. Mume anaporudi anahamia kwenye kochi. Wanaume wawili wanazoea na kucheza michezo ya mezani, na Lyudmila anaendelea kuwapikia wote wawili. Anapopata mimba, wote wanataka itolewe, jambo lililoruhusiwa kisheria Urusi tangu mwaka 1920. Anakwenda kliniki, anasubiri foleni, anamwona mtoto mchanga kupitia dirishani, na anaondoka. Anaacha barua na kupanda treni.

Wengine huusoma mwisho huo kama mahubiri dhidi ya utoaji mimba. Mimi naona uzito uko kwingine: ni mara ya kwanza katika filamu hiyo Lyudmila anakiacha chumba moja kwa moja kwa hiari yake, na kamera inatoka naye. Wanaume wanabaki wakiulizana kuhusu chai.

Wanawake weusi wa Marekani walionyeshwaje?

Katika filamu za studio kubwa, kwa dharau au kama watumishi. Jibu kutoka kwa watu weusi wenyewe ni Within Our Gates ya Oscar Micheaux (1920), filamu ndefu ya mwongozaji mweusi ambayo bado ipo. Evelyn Preer anamwigiza Sylvia Landry, mwalimu anayekwenda kaskazini kutafuta dola 5,000 za kuiokoa shule ya watoto weusi wa Kusini. Mwanamke tajiri wa Boston anashawishiwa na rafiki yake mbaguzi asitoe kitu, na kwa kuchukizwa na ushauri huo anatoa dola 50,000. Uamuzi wa Sylvia unahusu elimu na kabila lake zima, tofauti na ule wa mashujaa wengi wa kike wa wakati huo.

Kisha tunaonyeshwa yaliyompata zamani: wazazi waliomlea wakinyongwa na umati wa wazungu, na yeye akinusurika kubakwa na mzungu ambaye anagundua kwa kovu kwamba ni baba yake mzazi. Micheaux alichanganya picha za unyongaji na za jaribio la ubakaji ili asiyetaka kuelewa alazimike kuelewa kwamba ni ukatili mmoja. Huko Chicago, ambako machafuko ya kibaguzi yalikuwa yametokea Julai 1919, wakaguzi walisita kuiruhusu. Kwa miongo kadhaa ilihesabiwa kuwa imepotea, hadi nakala ilipopatikana Uhispania. Maandishi yake ilibidi yatafsiriwe upya kutoka Kihispania, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati mwaka 1993.

Na China?

Shanghai ya miaka ya 1930 ilitoa maigizo ya wanawake yasiyopitwa na mahali popote, na katikati yake yuko Ruan Lingyu. Katika filamu ya Wu Yonggang ya mwaka 1934, ambayo kwa kawaida huitwa The Goddess, yeye ni mama anayeuza mwili usiku ili mwanawe asome. Mcheza kamari anamteka na kumnyang'anya fedha. Wazazi wengine wanalalamika, na shule inamfukuza mtoto. Mwalimu mkuu pekee anakwenda kumwona mama, anaelewa, anamtetea, anashindwa na kujiuzulu. Mama anapogundua kwamba akiba ya kumhamishia mtoto kwingine imeibwa, anampiga mwizi kwa chupa hadi anakufa, na anahukumiwa miaka 12. Ombi lake kwa mwalimu ni kwamba mtoto aambiwe mama yake amekufa. Ruan anaigiza mchovu anayebadilika kuwa mchangamfu mara tu mtoto anapoamka, na kugeuka kwake hakuna hata chembe ya uongo.

Mwaka uliofuata aliigiza katika New Women ya Cai Chusheng, filamu iliyotokana na maisha ya mwigizaji mwenzake, Ai Xia, aliyejiua mwaka 1934. Mhusika ni mwalimu na mwandishi anayeandamwa na mwanamume mwenye mamlaka na kuchafuliwa na magazeti, na akiwa kitandani baada ya kunywa sumu anapiga kelele kwamba anataka kuishi. Waandishi wa habari walikasirishwa na filamu hiyo. Ruan mwenyewe alikuwa akiandamwa na magazeti kwa ajili ya kesi zilizohusu mahusiano yake, na tarehe 8 Machi 1935, Siku ya Wanawake, alijiua akiwa na umri wa miaka 24. Naomba anayeitazama filamu hiyo asiichukulie kama utabiri wa kusisimua. Ni kumbukumbu ya wanawake wawili waliokuwa na kazi, kipaji na majina makubwa, na bado hawakupata ulinzi.

Vipi kuhusu mwanamke mshawishi anayewaangamiza wanaume?

Aina hiyo ya mhusika ilivuma kupitia Theda Bara katika A Fool There Was ya mwaka 1915. Studio ilitangaza kwamba alizaliwa karibu na piramidi za Misri. Alizaliwa Cincinnati, akiitwa Theodosia Goodman. Mhusika wa aina hiyo ana thamani ndogo kama picha ya maisha ya wanawake, kwa kuwa anaonyesha hofu ya wanaume kuliko matakwa ya mwanamke yeyote. Filamu zake nyingi ziliteketea katika moto wa ghala la studio huko New Jersey mwaka 1937.

Kwa nini uigizaji unaonekana wa kupita kiasi?

Wakati mwingine kosa ni la mashine. Filamu iliyopigwa kwa picha kama 16 hadi 20 kwa sekunde ikionyeshwa kwa 24, kila mtu anakimbia na kila ishara inakuwa kali. Pia jukwaa liliacha alama zake. Waigizaji bora, hata hivyo, walifanya kidogo sana: katika Broken Blossoms (1919), Lillian Gish, binti anayepigwa na baba yake na kuamriwa atabasamu, anasukuma pembe za mdomo wake kwa vidole viwili. Hakuna kibao kinachoeleza, na hakihitajiki.

Je, filamu hizi zilifika Afrika Mashariki?

Filamu bubu zilionyeshwa pwani na katika miji ya bara. Zanzibar ilipata jumba la sinema la Royal, lililosanifiwa na J. H. Sinclair, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema tangu mwaka 1912. Mkasi wa wakaguzi ulikuwapo huku pia.

Nitazipata wapi, na nichague nakala ipi?

Kwanza fahamu ukubwa wa hasara. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 uligundua kwamba kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizobaki zikiwa kamili katika umbo lake la awali. Mikanda ya nitrati, aina ya plastiki inayoshika moto kwa urahisi, iliungua au kuoza, na mingine ilitupwa kwa kuwa sauti ilipoingia haikuwa na soko.

Zilizobaki zinapatikana kwa urahisi kuliko zamani. Filamu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 1929 hazina tena hakimiliki huko, na nyingi ziko mtandaoni bila malipo. Tafuta nakala iliyokarabatiwa na hifadhi ya taifa au taasisi ya filamu. Shoes, kwa mfano, ilikarabatiwa na taasisi ya Eye ya Uholanzi, na tofauti kati ya nakala hiyo na zile zilizofifia ni kubwa kiasi kwamba katika moja unaona nyuzi za soksi ya Eva na katika nyingine huoni hata kiatu. Angalia kasi ya mwendo. Muziki karibu sikuzote ni wa kuongezwa baadaye, kwa hiyo ukikuchosha au ukikulazimisha kulia, zima sauti na uendelee kutazama.